Mtoto Amekosa Nafasi kwenye Programu ya Vipawa: Maswali ya Wazazi Kuhusu Rufaa

Majibu haya ni kwa mzazi au mlezi aliyepokea barua ya kukataliwa na anajiuliza kama inafaa kuipinga. Taratibu hutofautiana nchi na nchi, hata shule na shule. Pale kanuni za shule yenu zinaposema tofauti na yaliyoandikwa hapa, fuateni za shule. Kinachofanana karibu kila mahali ni namna kamati zinavyopima ushahidi, na humo ndimo rufaa nyingi hupita au hukwama.

Barua imefika leo. Nianzie wapi?

Tafuta tarehe ya mwisho ya kukata rufaa. Mengine yote yanaweza kusubiri ulale na kuamka, tarehe haisubiri. Uingereza, kwa mfano, mzazi anayepinga uamuzi wa kunyimwa nafasi katika shule ya umma hupewa angalau siku 20 za shule, lakini mahali pengine ni siku chache tu. Kama barua haitaji tarehe, uliza kwa maandishi siku hiyo hiyo na ulitunze jibu.

Usiwaandikie ukiwa umekasirika. Barua pepe ya saa tano usiku huingia kwenye faili, na utakaowaomba wabadili uamuzi ndio watakaoisoma.

Kila shule ina utaratibu wa rufaa?

Hapana. Marekani hakuna sheria ya shirikisho inayozilazimisha shule kuwa na programu za vipawa. Kila jimbo lina taratibu zake, na ndani ya jimbo kila wilaya ya shule huongeza za kwake. Kwingine rufaa huenda kwa kamati mpya, kwingine watu wale wale hulitazama faili upya, na kwingine hakuna kitu kinachoitwa rufaa ila "ombi la kupitia upya uamuzi". Jina lisikubabaishe. Uliza mambo matatu: ni nani ataamua, atatazama nini, na je, ushahidi mpya unapokelewa? La tatu ndilo zito. Kama hawapokei kitu kipya, utabaki na hoja moja tu mkononi, kwamba utaratibu waliojiwekea wenyewe haukufuatwa.

Nitajuaje kama inafaa kukata rufaa au kuacha?

Liweke kando kwanza swali la kama mtoto ana akili. Uliza programu yenyewe inafundisha nini. Zipo zinazompa mtoto darasa tofauti wiki nzima, lenye mtaala unaokwenda kasi, na zipo ambazo ni saa mbili kwa wiki za miradi na michezo ya mantiki. Mtoto anayemaliza hesabu za darasa kabla wenzake hawajafungua daftari anahitaji hesabu nzito zaidi. Kama programu haifundishi hesabu, kuipigania ni kupigania cheo.

Rufaa inafaa pale mambo mawili yanapokutana: mtoto ana hitaji ambalo darasa la kawaida haliwezi kulitimiza, na kuna kitu ambacho kamati haikukiona au ilikisoma vibaya. Likiwepo la kwanza bila la pili, kuna njia fupi kuliko rufaa, nayo ni kukaa na mwalimu mkapanga kazi za ziada au kumruhusu asome somo moja na darasa la juu. Likiwepo la pili bila la kwanza, unaweza kushinda na mtoto akaishia kubeba mzigo asiouhitaji.

Na kama kinachokuuma hasa ni kwamba mtoto wa jirani amepata, ngoja siku mbili. Hilo hupungua lenyewe.

Niombe nyaraka zipi?

Faili zima la uteuzi. Maana yake ni ripoti kamili ya mtihani yenye alama za kila sehemu (siyo jumla peke yake), fomu aliyojaza mwalimu, jedwali la vigezo na uzito wake, kumbukumbu za siku ya mtihani, na toleo la kanuni lililotumika mwaka huo. Maswali yenyewe ya mtihani kwa kawaida hutapewa, kwa sababu yanatumika tena kwa watoto wengine. Usipoteze nguvu kuyadai.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1974 kuhusu kumbukumbu za elimu inampa mzazi haki ya kuona kumbukumbu za mtoto wake ndani ya siku 45 tangu aombe. Hapo kuna mtego: siku 45 zinaweza kuisha muda wa rufaa ukiwa umeshapita zamani. Popote ulipo, peleka ombi la nyaraka siku unayopata barua. Muda ukibana, wasilisha rufaa fupi kabla ya tarehe ya mwisho na uandike kwamba vielelezo vitafuata mara tu shule itakapotoa kumbukumbu. Kamati hukubali hilo kirahisi kuliko rufaa iliyochelewa.

Barua inasema alikuwa kwenye pasentaili ya 94. Kwa hiyo alikosa maswali 6 kati ya 100?

Hapana. Pasentaili haihesabu maswali, inahesabu watoto. Ya 94 maana yake amefanya sawa na, au kuwazidi, watoto 94 katika kila 100 wa kundi lililotumika kuweka viwango. Swali la kuuliza hapo ni kundi gani. Mitihani kadhaa, kama CogAT, mtihani wa uwezo wa kufikiri unaotumika sana katika shule za Marekani, hutoa alama kwa kulinganisha na watoto wa umri ule ule na pia kwa kulinganisha na watoto wa darasa lile lile. Kwa mtoto mdogo kuliko wenzake darasani, tofauti ya hizo mbili inaweza kuwa ndiyo tofauti ya kuingia na kukosa.

Ukiwa hapo, kagua tarehe ya kuzaliwa iliyoandikwa kwenye ripoti. Alama hukokotolewa kwa umri wa mtoto siku ya mtihani, hivyo mwaka uliokosewa humfanya alinganishwe na watoto wasio rika lake. Ni kosa dogo la karani. Kati ya sababu zote za rufaa, hii ndiyo inayomalizwa kwa dakika tano.

Alikosa kwa alama mbili tu. Si ni kama amefaulu?

Kitakwimu unakaribia ukweli. Kiutaratibu, bado.

Mitihani mingi ya uwezo wa akili imepangwa ili wastani uwe 100 na mtawanyiko sanifu (kipimo cha jinsi alama za watoto zinavyosambaa kuuzunguka wastani) uwe 15. Alama 130 na kuendelea hufikiwa na watoto wapatao 2 katika kila 100, ndiyo maana shule nyingi zimeweka kizingiti hapo. Lakini hakuna chochote kichwani mwa mtoto kinachobadilika kati ya 129 na 130. Mtihani uliotengenezwa vizuri kama WISC-V, ambao mwanasaikolojia humpa mtoto mmoja mmoja, una kosa la kipimo, yaani kuyumba kwa alama juu au chini kwa bahati tu, la takriban alama 3. Mtoto aliyepata 128, ripoti yake itaonyesha kwamba uwezo wake halisi, kwa uhakika wa asilimia 95, uko mahali fulani kati ya 122 na 133 hivi. Kwa watoto wa miaka minne au mitano kipimo huyumba zaidi, kwa sababu katika umri huo njaa, usingizi na haya mbele ya mgeni vyote huingia kwenye alama.

Tatizo la hoja hii ni kwamba inakata pande zote mbili. Aliyepata 131 naye anaweza kuwa wa 127, na kamati inalijua hilo. Ukileta kosa la kipimo peke yake utajibiwa kwamba kila mpaka una watu walioukosa kwa kidogo. Nguvu yake huja inapoambatana na kitu kingine kinachovuta kuelekea juu: kazi za mtoto, mtihani mwingine, maelezo ya mwalimu. Andika hivi: alama ya 128 haiwezi kutofautishwa kitakwimu na kizingiti cha 130, kwa hiyo tunaomba ushahidi mwingine uliopo ndio uamue. Hapo huombi huruma. Unaomba wafanye kile ambacho mwongozo wowote mzuri wa mtihani unakitaka, yaani kutotegemea namba moja.

Kagua pia namna vigezo vinavyounganishwa. Kuna shule zinazotaka vyote vitimizwe, kuna zinazokubali kimojawapo, kuna zinazochukua wastani. Kanuni ya "vyote" huwaacha nje watoto wengi kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu kuyumba kidogo kwenye kimoja kunatosha kumwangusha mtoto aliyepita vingine vyote kwa mbali. Rufaa moja haitaibadili kanuni hiyo, lakini angalau utajua ni kigezo kipi hasa unachotakiwa kukijibu, nawe utaacha kupoteza kurasa kutetea vile ambavyo mtoto tayari alivipita.

Jumla yake ni ndogo, lakini sehemu mbili za mtihani amezipasua. Hilo lina uzito?

Lina uzito mkubwa, na wazazi wengi hulipita bila kuliona. Alama ya jumla ya WISC-V hukusanya mambo tofauti: kuelewa maneno, kufikiri kwa maumbo na nafasi, mantiki, kumbukumbu ya muda mfupi, na kasi ya kushughulikia kazi rahisi. Mtoto anaweza kuwa juu sana kwenye mantiki na maneno, kisha akaburuzwa chini na kasi, pengine kwa sababu anaandika polepole au hataki kukosea hata mara moja. Wastani wake hauelezi chochote cha maana kumhusu.

Kwa hali kama hizo kuna kipimo kinachoitwa kielelezo cha uwezo wa jumla, ambacho huacha nje kumbukumbu ya muda mfupi na kasi. Hukokotolewa kutoka kwenye mtihani ule ule, bila kumpima mtoto tena. Chama cha kitaifa cha Marekani kinachoshughulikia watoto wenye vipawa kilitoa tamko mwaka 2018 kikishauri kwamba kwa WISC-V vielelezo vya namna hiyo vitumike badala ya kushikilia alama ya jumla. Mwombe aliyempima akikokotoe na akiandike kwenye ripoti.

Siku ya mtihani alikuwa na homa. Watanisikiliza?

Watakusikiliza ukiwa na karatasi: cheti cha daktari, kumbukumbu ya mahudhurio inayoonyesha aliondoka mapema, ujumbe uliomwandikia mwalimu asubuhi ile. Kauli ya mzazi peke yake, wiki sita baadaye, haina nguvu hata kama ni kweli tupu. Yanahesabika pia mambo ya chumbani: kengele iliyolia katikati, kompyuta iliyokwama, msimamizi aliyechelewa kuanza. Hayo huandikwa kwenye kumbukumbu za siku ya mtihani, na ndiyo sababu tumesema uziombe.

Katika hali hii usiombe nafasi, omba mtihani wa marudio. Ni ombi dogo, na dogo hukubaliwa upesi.

Nyumbani hatuzungumzi lugha iliyotumika kwenye mtihani.

Hapa una hoja nzuri. Sehemu ya msamiati hupima, pamoja na mengine, ni mara ngapi mtoto amelisikia neno. Mtoto wa lugha mbili amegawanya maneno yake katika mifuko miwili, na mtihani umefungua mmoja tu. Uliza alipimwa kwa lugha gani, kama shule ina mtihani usiotegemea maneno kama ule wa Naglieri au ule wa Raven, na kama aliyejaza fomu ya mwalimu alizingatia muda ambao mtoto ameishi na lugha hiyo. Tahadhari moja: mtihani usio wa maneno hauondoi pengo lote, kwa kuwa maelekezo bado yanatolewa kwa lugha na baadhi ya watoto hawajawahi kuona mafumbo ya maumbo. Lakini hupunguza.

Kuna mfano unaofaa kuutaja kwenye rufaa ya aina hii. Kaunti ya Broward, Florida, ilikuwa ikiwapima watoto wale tu waliopendekezwa na walimu au wazazi. Mwaka 2005 ikaanza kuwapima wote wa darasa la pili kwa mtihani usio wa maneno. Wachumi David Card na Laura Giuliano walipochambua matokeo, waliona ongezeko kubwa la watoto weusi, wenye asili ya Amerika ya Kilatini na wa familia maskini walioonekana wana sifa za kuingia. Watoto hao walikuwepo muda wote, mlango wa mapendekezo ndio uliokuwa mwembamba.

Mwanangu ana disleksia (au usonji, au upungufu wa umakini). Je, hilo linamfungia mlango?

Halipaswi. Mtoto anaweza kuwa na kipawa na changamoto kwa wakati mmoja, na mara nyingi kimoja hukificha kingine: akili humsaidia kufidia ugumu wa kusoma hadi aonekane wa kawaida tu, kwa hiyo hapati msaada wala nafasi. Jambo la kukagua ni moja. Kama shule ilishakubali apewe muda wa ziada, asomewe maswali au apimwe chumba chenye utulivu, je, siku ya mtihani wa vipawa alipewa? Kama hakupewa, hiyo ni kasoro ya utaratibu, na rufaa ya utaratibu ndiyo iliyo ngumu zaidi kukataliwa. Weka barua ya makubaliano hayo iwe kielelezo cha kwanza.

Nimlipie mwanasaikolojia binafsi ampime upya?

Kabla ya kulipa chochote, pata jibu la maandishi kutoka shuleni: je, mnakubali matokeo ya nje, ya mitihani ipi, ya toleo lipi, na mpimaji awe na leseni gani? Shule nyingine hazikubali kabisa. Nyingine hukubali kwenye rufaa pekee.

Kisha yapo mambo ya kipimo chenyewe. Mtihani ule ule ukirudiwa karibu karibu, alama hupanda kwa mazoea tu, kwa hiyo wanasaikolojia hupendelea kuacha mwaka mmoja au zaidi. Ukimpima upya mapema, tumia mtihani tofauti. Toleo liwe jipya pia: alama za mitihani hii zilikuwa zikipanda kwa takriban alama 3 kila miaka kumi katika nchi nyingi wakati wa karne iliyopita, hivyo viwango vya zamani humpandisha mtoto isivyo halali, na kamati yenye mtaalamu itakigundua hicho kabla hujakaa. Umri nao uangaliwe. WISC-V huanzia miaka 6, na walio chini ya hapo wana mtihani wao.

Nionavyo, gharama hii ina maana zaidi kama ungetaka ripoti hiyo hata bila rufaa, kwa mfano unahisi kuna ugumu wa kujifunza uliojificha. Na mpimaji anayekuahidi alama kabla hajamwona mtoto, mkimbie.

Nimfanyishe mazoezi ya maswali ya mtihani?

Kumwonyesha mifano michache ili aelewe kinachoulizwa, ndiyo. Kumkalisha miezi mitatu na maswali yaliyovuja, hapana. Matokeo yake hayatakuwa kipimo cha chochote, na kama yatampeleka kwenye darasa lisilo lake, atakayelala na daftari mezani ni yeye.

Niambatanishe kazi zipi za mtoto?

Chache, zenye tarehe, na alizozifanya bila kusaidiwa. Kamati imeshaona vyeti vya kutosha. Isichokiona mara nyingi ni fikra ya mtoto ikiwa kazini: ukurasa wa hesabu ambapo amegundua njia yake mwenyewe na kuieleza kwa mwandiko wake mbaya, hadithi aliyoianza upya mara nne, orodha ya ndege aliyoitunza mwaka mzima bila kuambiwa na mtu. Karatasi safi iliyopigwa chapa na kupambwa huzua swali la nani aliifanya.

Tatu hadi tano zinatosha. Chini ya kila moja andika mistari miwili: alikuwa na umri gani, kazi ilianzaje, ni nini ndani yake kinachozidi kiwango cha darasa lake. Kisha linganisha na mtaala. Kusema "anapenda sana sayansi" hakumwambii mtu chochote, lakini kusema "akiwa darasa la pili anajumlisha sehemu zenye asili tofauti, mada inayofundishwa miaka kadhaa mbele" kunampa mjumbe kitu cha kuandika kwenye fomu yake.

Tangu mwaka 1978 mtaalamu Joseph Renzulli amekuwa akieleza kipawa kama mkutano wa mambo matatu: uwezo ulio juu ya wastani, ubunifu, na kujituma katika kazi. Programu nyingi zimejengwa juu ya wazo hilo. Mtihani hugusa la kwanza, na kwa sehemu kubwa mawili mengine huonekana kwenye kazi tu. Chagua vielelezo vinavyoonyesha hayo mawili.

Mwalimu alimpa alama za chini kwenye fomu ya tathmini.

Zungumza naye kabla ya kumlalamikia. Fomu hizo huuliza mambo kama udadisi, uongozi na ustahimilivu, na mtoto aliyechoshwa na somo huonekana mtundu au mvivu. Muulize kwa utulivu: "Mwalimu, ni vitu gani uliviona, na ni vipi hukupata nafasi ya kuviona?" Wapo watakaokubali kuandika maelezo ya nyongeza. Akikataa, tafuta mwalimu mwingine aliyemfundisha, wa mwaka uliopita au wa muziki au chesi. Kumshambulia mwalimu ndani ya barua ni njia ya uhakika ya kuifanya kamati nzima imkingie kifua.

Hoja zipi hazisaidii kabisa?

Dada yake yuko kwenye programu. Tumehamia mtaa huu kwa ajili ya shule hii. Atalia. Ana alama za juu darasani (darasa la kawaida hupima kama ameshika kilichofundishwa, jambo lililo tofauti). Mjomba wake ni daktari.

Barua yenyewe niiandikeje?

Ukurasa mmoja, usizidi miwili. Mwamba ngoma huvutia kwake, na kamati inajua kwamba mzazi ndiye mwamba ngoma, kwa hiyo sifa zako kwa mwanao hazina bei pale. Acha nyaraka ziseme. Mfano:

*YAH: RUFAA DHIDI YA UAMUZI WA KUTOMPA NAFASI MWANAFUNZI (JINA), DARASA LA TATU*

*Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Uteuzi,*

*Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Nimepokea barua yenu ya tarehe (…) na ninawashukuru kwa kunipatia kumbukumbu za mtihani. Ninaomba uamuzi huo upitiwe upya kwa sababu mbili.*

*Kwanza, alama ya jumla ya 127 ina masafa ya uhakika yanayovuka kizingiti cha 130 (Kiambatisho A, uk. 2). Alama za mantiki na uelewa wa maneno ziko juu ya kizingiti. Iliyoshusha jumla ni kasi ya kuandika, jambo ambalo mwalimu wake wa darasa amelieleza (Kiambatisho B).*

*Pili, kifungu cha (…) cha kanuni zenu kinaelekeza kwamba kazi za mwanafunzi zitazamwe pale alama inapokaribia kizingiti. Katika faili nililopewa sikuona tathmini ya kazi hizo. Nimeambatisha kazi nne (Viambatisho C hadi F).*

*Ninaomba kamati itathmini kazi hizo na imfikirie kwa nafasi, au, ikiwa haiwezekani, apimwe tena muhula ujao. Nipo tayari kufika kwa mahojiano siku mtakayopanga.*

*Wako katika kujenga elimu,*

Tazama mambo yaliyomo: kila dai lina kiambatisho, kanuni imetajwa kwa kifungu chake, na ombi lina ngazi mbili. Hiyo ngazi ya pili ni muhimu. Mjumbe anayesita kusema ndiyo kamili anahitaji kitu kidogo cha kukukubalia.

Nimeitwa kwenye kikao. Nitegemee nini?

Watu watatu hadi watano, dakika kumi na tano au ishirini, na nusu yao wamelisoma faili asubuhi hiyo. Anza na ombi lako, kisha sababu zako mbili, halafu nyamaza. Wakiuliza "Mnadhani darasa la kawaida linamkosesha nini?", jibu kwa tukio moja la darasani lililoandikwa mahali. Uliza wewe pia swali moja: "Ni ushahidi gani ungewashawishi?" Jibu lake litakufaa hata ukishindwa. Mtoto asije isipokuwa wamemwita.

Nikikata rufaa, walimu hawatamwekea kinyongo?

Hofu hii ni ya kweli kwa wazazi wengi, lakini rufaa ni sehemu ya utaratibu kama usaili wenyewe, na shule hupokea kadhaa kila mwaka. Kinachoharibu uhusiano ni lugha na njia: kumpigia mkuu wa shule usiku, kumpitia mkubwa fulani, kusambaza malalamiko kwenye kundi la wazazi. Pita mlango wa mbele, kwa maandishi, na umjulishe mwalimu wa darasa kabla hajasikia kwa wengine.

Nimwambie nini mtoto?

Ukweli, kwa kiasi cha umri wake. Kwamba alipimwa ili ionekane darasa gani linamfaa, kwamba safari hii hakupangiwa lile, na kwamba watu wazima wanauliza maswali zaidi. Usimwambie "wamekuonea", maana rufaa ikikataliwa utakuwa umemwachia adui anayeonana naye kila siku. Na simu za kujadili alama zake zipigwe asipokuwepo. Watoto husikia hata wakiwa chumba cha pili.

Kukataliwa kuna maana kwamba hana kipawa?

Kuna maana kwamba hakufikia vigezo vya programu hiyo mwaka huo. Mwaka 1921 Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford alianza kuwatafuta watoto wenye akili nyingi California kwa kutumia mtihani wa akili, akawafuatilia wapatao 1,500 kwa miongo mingi. Kati ya waliopimwa na kuachwa walikuwemo William Shockley na Luis Alvarez. Shockley alishiriki Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1956, Alvarez akaipata mwaka 1968. Miongoni mwa waliochaguliwa hakuna aliyeipata. (Kisa hiki usikiweke kwenye barua ya rufaa. Wajumbe wameshakisikia, na hakisemi lolote kuhusu mwanao.)

Rufaa imekataliwa. Kuna ngazi nyingine?

Pengine ipo: ofisi ya elimu ya wilaya, bodi, au msuluhishi wa malalamiko. Kwa kawaida ngazi hizo haziangalii kama mtoto anastahili, zinaangalia kama kamati ilifuata kanuni. Usipande ngazi kama huna kasoro ya utaratibu ya kuonyesha. Rudi darasani badala yake na uombe mambo mahususi: aruhusiwe kuruka mazoezi ambayo tayari anayaweza baada ya kupimwa mwanzoni mwa mada, asome hesabu na darasa la juu, apewe vitabu vya kiwango chake. Hayo hayahitaji kamati. Mengi hukubaliwa na mwalimu mmoja mwenye nia, na baadhi ya watoto hufaidika nayo kuliko wangefaidika na saa mbili za programu.

Anaweza kuomba tena?

Shule nyingi huruhusu, kila mwaka au kila baada ya miaka miwili, na baadhi huwa na mlango mwingine kwenye darasa la nne au la tano ambapo nafasi huongezeka. Uliza tarehe hizo sasa, kabla faili halijafungwa. Omba pia kwa maandishi kwamba alama za mwaka huu zisitumike kumchuja kabla hajapimwa upya, kwa sababu baadhi ya shule hufanya hivyo kimya kimya. Katikati ya hapo tenga bahasha moja nyumbani, utie humo kazi moja kila mwezi yenye tarehe nyuma yake, ukichagua zile alizozifanya bila kuamrishwa.